Ada, Sifa na Waliko

Neno "ada" lilikuwa likifanya kazi zamani, kabla chuo chochote hakijajengwa Manyara. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni mazoea au desturi, na Kiswahili kilipolipokea kiliendelea kulitumia hivyo: mila na ada za watu. Kisha likashukia kwenye malipo ambayo desturi yenyewe imeyaweka, kama yale anayopewa kungwi kwa kazi yake, malipo yasiyo na mjadala kwa kuwa ndivyo ilivyo. Mzazi wa Bonga au Magugu leo analijua kwa maana moja, fedha inayolipwa shuleni na chuoni, lakini utiifu ule wa kale umebaki ndani yake. Bei ya ng'ombe mnadani hupatanwa. Bei ya gunia la mbaazi hupatanwa. Ada hupokewa kama ilivyoandikwa.

Naanza na neno hili kwa sababu ndilo linaloulizwa kwanza. Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za Babati mjini hujaa vijana na wazazi wao, na ukutani hubandikwa matangazo ya vyuo. Safu za matangazo hayo hazibadiliki: jina la chuo, kozi, sifa za kujiunga, muda wa masomo, ada. Hapo ndipo mlinganisho wa vyuo unapofanyika kwetu, mzazi akisoma safu moja baada ya nyingine, kijana akiwa na simu mkononi. Nimekuwa nikiyasoma matangazo haya kwa jicho la mtu anayependa maneno, na ninachokiona ni kwamba istilahi zetu zote zimesimama mlangoni. Tuna maneno mengi, mazuri na yenye nasaba ndefu, ya kumwingiza mtu chuoni. Ya kusema amefika wapi baada ya kutoka ni machache, na hayo machache yako mitaani, hayajaalikwa kwenye tangazo.

Vyuo vyenyewe mkoani kwetu si vingi. Manyara ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002, Babati ikawa makao makuu, na wazazi wengi wanaopeleka watoto chuoni sasa walisoma wakati hapa pakiitwa Arusha. Wilaya ya Babati ina Chuo cha Ualimu Mamire, cha Serikali. Kuna VETA Manyara, ya ufundi stadi. Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Babati, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake cha mkoa. Dareda kuna mafunzo ya uuguzi kando ya hospitali ya Kanisa Katoliki. Haydom, upande wa Mbulu, kuna chuo cha sayansi za afya kando ya hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Tango, Mbulu, kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vile vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Chuo kikuu chenye makao makuu yake mkoani hakipo. Anayetafuta shahada ya kukaa darasani kila siku mara nyingi hupanda basi la Arusha, takriban kilomita 170, au la Dodoma kupitia Kondoa.

Vyote hivyo tunaviita vyuo, na neno hilo lina ukarimu wa ajabu. Kwa Waswahili wa kale chuo kilikuwa kitabu, kisha mahali kitabu kinapofundishwa. Kumtia mtoto chuoni kulikuwa kumpeleka kwa mwalimu wa Kurani, na mwanachuoni hadi leo ni mtu wa elimu hasa. Baadaye Serikali ikalazimika kuligawa: vyuo vya ufundi stadi, vyuo vya kati, vyuo vikuu, na ndani ya vyuo vikuu ndaki na shule kuu. Mtaani mgawanyo huo haufiki. "Mwanangu yuko chuo" ni sentensi kamili Babati, iwe kijana anajifunza kuchomelea au anasomea sheria. Ukarimu huo naupenda, ila una gharama yake kwa mwenye kulinganisha: karatasi moja ya steshenari inaweza kuweka kozi ya uashi na stashahada ya uuguzi chini ya safu moja ya ada, na jicho likakimbilia tarakimu ndogo.

Turudi kwenye ada, maana hapa pana utajiri mwingi. Tangazo linasema ada. Fomu ya kujiunga, inayokuja baada ya kijana kupata nafasi, inaleta ndugu zake wote. Kuna ada ya usajili, ada ya mitihani, fedha ya tahadhari, kitambulisho, bima ya afya ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwanafunzi, tozo ya uthibiti ubora, mchango wa serikali ya wanafunzi, sare, na kwa wa afya gharama za mafunzo kwa vitendo, ambayo kila mtu anayaita fildi. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi yaleyale madogo, kuna rimu ya karatasi, godoro, ndoo na fagio. Kila neno hapo lina tabia yake. Mchango umetoka kwenye kuchanga, jambo ambalo watu hulifanya kwa hiari harusini na msibani. Ukiandikwa kwenye fomu pamoja na tarehe ya mwisho, hiari imeondoka na jina limebaki. Tozo ni la mwenye mamlaka. Fedha ya tahadhari inapaswa kurudi kwa mwenyewe akimaliza bila kuvunja kitu, na ni vizuri mzazi akumbuke kuidai, kwa maana neno lenyewe linamruhusu.

Neno ninalotaka lichukue nafasi ya ada kwenye safu ile ni gharama. Gharama haina heshima ya desturi. Inahesabiwa, inajumlishwa, inabishaniwa. Tazama VETA. Kwa muda mrefu ada ya mwaka imekuwa shilingi 60,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, na mzazi anayeiona tarakimu ya kwanza hufurahi. Lakini kutwa maana yake ni mchana. Usiku wa kijana aliyetoka Kiteto au Simanjiro haumo katika neno hilo: chumba cha kupanga mjini, ambacho vijana wanakiita geto, mafuta ya kupikia, nauli ya kurudi nyumbani likizo. Tofauti ya shilingi 60,000 kati ya kutwa na bweni hailipi kodi ya chumba kwa mwaka mzima mjini Babati. Mwenye kusoma gharama angeona kwamba bweni, likipatikana, ndilo rahisi.

Kadhalika maneno ya msamaha. Kuanzia Januari 2016 Serikali ilianza kutoa elimumsingi bila malipo, na mwaka wa fedha 2022/23 ada ikaondolewa pia kwa kidato cha tano na sita. Nyaraka zikasema "bila malipo" na "bila ada". Watu wakasema "elimu bure". Hayo ni maneno matatu yenye ahadi tatu. Bila ada inaondoa mstari mmoja tu wa fomu. Bure inaondoa fomu yote. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2023 Serikali ilipendekeza kufuta ada kwa wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya DIT, MUST na Chuo cha Ufundi Arusha, na hicho cha tatu ndicho kinachowahusu vijana wa Babati kuliko vingine. Habari ilifika mtaani ikiwa imeshakuwa "Arusha Teki bure". Bila ada na bure havikuwa kitu kimoja hata siku hiyo: chakula na malazi ya Arusha vilibaki palepale.

Anayelipa gharama hizo hapa ni mkulima, na fedha yake ina msimu. Mbaazi za Babati huvunwa katikati ya mwaka na kuuzwa kuelekea Septemba na Oktoba, wakati uleule vyuo vinapofungua. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei iliporomoka kwetu, na kijana aliyepata nafasi mwaka huo alikuwa na sifa zote isipokuwa ile isiyoandikwa kwenye tangazo. Kuna Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu 2023/24 imeanza kuwakopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa. Hata hivyo kuomba tu mkopo kunaanza kwa ada ya maombi ya shilingi 30,000. Posho ya chakula na malazi, iliyopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, wanafunzi wanaiita bumu, na neno hilo linaeleza mambo ambayo "posho" haielezi: inavyokuja kwa kishindo, inavyosubiriwa, inavyokwisha.

Baada ya ada, safu ya pili ya kutazama ni ya kuingia, ile ya sifa. Udahili ni neno zuri. Linatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuingia, na lina dada yake Zanzibar, dahalia, lile jengo wanalolala wanafunzi ambalo Bara tunaliita bweni au hosteli. Aliyedahiliwa ameingizwa ndani. Dahalia ni ndani kwenyewe. Anayeomba udahili anaitwa mwombaji, jina lilelile la mtu anayeomba dua, na ukimtazama mama aliyekaa kwenye benchi la steshenari akisubiri ukurasa ufunguke, hutaona sababu ya kuyatenganisha.

Utaratibu wenyewe umebadilika mara kadhaa. Kuanzia 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilikuwa na mfumo wa pamoja wa maombi. Tangu 2017 mwombaji wa shahada hupeleka maombi chuoni moja kwa moja, kwa awamu. Mabadiliko hayo yalizaa neno jipya la mtaani, kuthibitisha. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hupata namba ya siri kwenye simu na kuthibitisha anakokwenda. Kuthibitisha na ithibati, ile idhini inayoonyesha chuo kimekaguliwa na kukubaliwa, ni mzizi mmoja. Chuo kina ithibati, mwanafunzi anathibitisha. Natamani kila mzazi angeuliza la kwanza kabla ya mwanawe kufanya la pili, kwa sababu usajili wa muda na usajili kamili si jambo moja, na orodha za Tume na za NACTVET, Baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi stadi, ziko wazi kwa yeyote mwenye simu.

Vitenzi vya udahili navyo vinasema mengi. Sikiliza jinsi habari inavyotolewa Babati: "amechaguliwa Udom", "amepata Mamire", "ameangukia ualimu", "amepelekwa veta". Wa kwanza ametazamwa na kupendezwa. Wa pili amekuwa na bahati. Wa tatu alikuwa akielekea kwingine. Wa nne hakutenda lolote. Kuna mtu alimchukua. Veta yenyewe imeshakuwa nomino ya kawaida, yenye herufi ndogo, na mara nyingi hutamkwa kwa sauti iliyoshuka. Sikubaliani na kitenzi hicho hata kidogo. Umeme wa REA, ule wa mradi wa vijijini, ulipofika kwetu, kila nyumba ilihitaji mtu wa kufanya wayaringi, na wanaoshika kazi hiyo ni mafundi waliopita kwenye karakana. Kijana aliyejua mapema kwamba anataka kuwa fundi umeme hakupelekwa popote. Alikwenda.

Neno linaloniumiza zaidi katika safu hii ni sifa. Kwenye mwongozo wa udahili ni istilahi tulivu: sifa za kujiunga, sifa linganishi. Lakini katika Kiswahili sifa pia ni jambo jema linalosemwa juu ya mtu; tunamsifu Mungu, tunamsifu bibi harusi. Kijana wa miaka kumi na minane anayeambiwa dirishani "huna sifa" anasikia maana zote mbili kwa wakati mmoja. Tuna neno vigezo, ambalo linahusu kipimo na halimgusi anayepimwa. "Hujafikia vigezo vya kozi hii" inachukua sekunde moja zaidi kutamka, na inaacha kozi nyingine wazi.

Na vigezo vyenyewe vinahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu ya neno pointi. Baraza la Mitihani hutoa pointi 1 kwa A, 2 kwa B, 3 kwa C, 4 kwa D, 5 kwa E, 6 kwa S na 7 kwa F. Masomo matatu ya tahasusi yanajumlishwa, na mwenye pointi chache ndiye bora: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Tume ya Vyuo Vikuu inahesabu kwa kwenda upande mwingine: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, na mwenye pointi nyingi ndiye bora. Kwa shahada inataka, kwa uchache, ufaulu wa masomo mawili yanayohusika na kozi, yenye jumla ya pointi 4. Ni C peke yake inayobaki 3 pande zote mbili.

Chukua vijana wawili wa kidato cha sita. Wa kwanza ana D, E na E: kwa Baraza ni pointi 14, daraja la tatu, na amefaulu masomo yote. Wa pili ana D, D na F: pointi 15, daraja la tatu vilevile, ila yuko nyuma ya mwenzake kwa pointi moja na kuna somo ameanguka. Mtaa mzima utampongeza wa kwanza zaidi. Ukifungua mwongozo wa Tume, wa kwanza ana 2 na 1 katika masomo yake mawili bora, jumla 3, na mlango wa shahada haujafunguka. Wa pili ana 2 na 2, jumla 4, na kama hizo D mbili ziko kwenye masomo yanayotakiwa, anaweza kuomba. Nimeona wazazi wakidhani kompyuta imekosea. Haijakosea, maneno mawili tofauti yamevaa jina moja, na hakuna aliyewaambia. Ingetosha Tume iseme "alama za udahili" na kuliachia Baraza neno pointi.

Kijana yule wa kwanza hajafungiwa elimu, na hapa istilahi za vyeti zinaingia. Anaweza kupita stashahada, na akimaliza kwa GPA ya 3.0 mlango wa shahada unafunguka kwa upande huo, ilimradi ana ufaulu wa kidato cha nne unaotakiwa. Tatizo ni kwamba stashahada na astashahada zimetofautiana kwa irabu moja, na iliyo ndefu ndiyo ya chini. Kwenye simu mbovu ya Galapo irabu hiyo ya mwanzo hupotea. Ndiyo maana watu wameshikilia cheti, diploma na digrii, na wanafunzi wa vyuo vya kati husema levo foo, levo faivu, levo siksi, wakimaanisha ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za tuzo za ufundi. Namba ina uaminifu ambao majina yale mawili hayana: ukisema ngazi ya 5 hakuna atakayedhani umefika ya 6. Kwenye uuguzi tofauti hiyo ndiyo inayoamua mtu anasajiliwa kwa kiwango gani na mshahara unaanzia wapi.

Sasa safu ya tatu ninayoitafuta, ambayo kwenye tangazo haipo.

Ukimuuliza mzazi wa Babati kama chuo fulani kina matokeo mazuri, atakujibu habari za mtihani. Matokeo ni yale yaliyotokea, kitu chochote kilichozaliwa na kitu kingine. Ni neno pana sana kwa asili. Lakini mitihani imelichukua lote. "Matokeo yametoka" haihitaji maelezo zaidi Tanzania nzima. Kwa hiyo chuo kinachosema wanafunzi wake wote wamefaulu kimejibu swali la matokeo, na hatujui hata mmoja wao anafanya nini leo.

Kulikuwa na sababu ya kutohitaji neno lingine. Kwa miaka mingi, kufaulu ualimu au uuguzi na kupata kazi vilikuwa jambo moja. Mtu alimaliza, akapangiwa kituo, akapanda basi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, walimu walitafutwa hata kabla hawajamaliza kusoma, na hadi kama mwaka 2015 aliyehitimu ualimu aliamini kwamba jina lake litatoka. Kupangiwa ndilo lilikuwa neno la matokeo ya chuo. Ajira hizo za moja kwa moja zilipokatika, neno likabaki bila kazi na hakuna lililochukua nafasi yake kwenye tangazo.

Hata kitenzi chetu cha kumaliza kinafunga mlango. Kuhitimu kumetoka kwenye mzizi wa kutia muhuri, kukamilisha. Ndio uleule wa hitima, kisomo cha kuihitimisha Kurani. Mhitimu ni mtu aliyefungwa kwa muhuri. Kisha kuna mahafali, neno la mkusanyiko, ambalo baadhi ya jirani zetu Wakenya hulitamka mahafala na kuwaita hivyo hata wahitimu wenyewe. Joho, picha, pilau, muhuri. Baada ya hapo Kiswahili cha ofisini kinaacha kumfuata, isipokuwa ofisi moja. Kama alikopa, Bodi ya Mikopo inamwita mnufaika, na akichelewa sana kulipa, mdaiwa sugu. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake hukatwa. Mhitimu aliyekopa, aliye nyumbani Dareda akisubiri ajira kwa mwaka wa nne, katika lugha rasmi ya nchi yake, ni mnufaika.

Mtaa umejitahidi zaidi. Watu waliwataja walimu kwa namna walivyoandaliwa: mwalimu wa UPE, wa enzi ile ya elimu ya msingi kwa wote, na baadaye, miaka ya 2000, walimu wa voda fasta, waliopewa mafunzo mafupi mno ili shule mpya za sekondari zisikose mtu ubaoni. Majina hayo yalikuwa makali, na wengi walioyabeba walifanya kazi kwa moyo kuliko jina lenyewe lilivyostahili. Ila yalikuwa istilahi za kweli za kutathmini chuo kwa kile kinachotoa, na ziliundwa na wazazi. Leo kuna "kozi yenye soko", kipimo kinachotumiwa sana kwenye benchi la steshenari. Nakiogopa kidogo, kwa sababu soko hujaa. Kozi za afya zilikuwa na soko kiasi kwamba vyuo binafsi viliongezeka kila mahali, na sasa kuna matabibu vijana wanaokaa nyumbani na leseni zao.

Kuna kujitolea. Mwalimu aliyehitimu anakwenda shule ya kijijini, anafundisha vipindi vyote, anapewa na wazazi kinachopatikana, na anaitwa anayejitolea. Kuna usaili, neno la kuuliza maswali, ambalo tangu walimu nao walipoanza kuitwa kwenye usaili limekuwa likitajwa katika nyumba nyingi kama lilivyotajwa udahili. Maneno hayo mawili yanafanana kwa sauti na yamesimama kwenye milango miwili ya chuo, mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Wa kwanza una mwongozo uliochapishwa, tarehe na namba ya siri. Kuhusu wa pili mzazi hana ukurasa hata mmoja wa kusoma kabla ya kulipa ada. Na kuna "yupo tu". Muulize mtu habari za kijana aliyemaliza chuo mwaka juzi, usikie: "Yupo, yupo tu nyumbani." Neno hilo dogo, tu, ndilo takwimu ya chuo ambayo hatujawahi kuiandika.

Swali ambalo wazazi makini huuliza, nililolisikia kwa lafudhi ya Kiiraqw, ya Kigorowa na ya Kirangi, ni hili: "Waliotoka pale wako wapi?" Kwa hiyo sioni haja ya kubuni istilahi nzito. Safu ya tatu iitwe Waliko. Chuo, kozi, vigezo, gharama, waliko.

Safu hiyo itahitaji nidhamu ya maneno kuliko zile nyingine. Aliyeajiriwa ahesabiwe aliyeajiriwa katika fani yake. Mhasibu anayelinda ghala ameajiriwa, na chuo hakina haki ya kujivunia hilo. Anayejitolea awe na mstari wake, asifichwe miongoni mwa walioajiriwa, kwa kuwa hana mshahara wala mkataba. Aliyejiajiri ni mgumu zaidi kumwainisha. Fundi aliyefungua karakana yake Magugu amejiajiri kwa kile alichofundishwa. Mwenye stashahada ya uhasibu anayeuza mitumba mnadani naye amejiajiri, anakula kwa jasho lake na anastahili heshima yote, lakini alikuwa na uwezo huo kabla hajalipa ada, na neno moja lisiwafunike wote wawili. Anayeendelea kusoma aandikwe hivyo. Aliye nyumbani aandikwe yuko nyumbani. Na wale ambao chuo hakijui waliko waandikwe kwamba hakijui, kwa idadi, kwa sababu chuo chenye wengi wa namna hiyo kimejieleza tayari.

Kazi hii si kubwa kama inavyodhaniwa. Mhitimu harudi chuoni mara nyingi, ila hurudi kuchukua cheti, mara nyingi miezi kadhaa baada ya mahafali, na vyuo vingi humjazisha fomu ya kuonyesha hadaiwi kitabu wala ada. Nyuma ya fomu hiyo pana nafasi tupu. Aulizwe pale pale dirishani anafanya nini, yuko wilaya gani, ni kwa fani aliyosomea au nyingine, na alisubiri miezi mingapi.